Kiko Nyuma ya Kinu

Kathmandu, 18 Kartik

Bhauju wangu Tulasa,

Natumaini mama yetu, Aama, na kaka Lokendra wameshafika huko Ramechhap, na kwamba basi halikumtapisha Aama kupita kawaida yake. Niandikie mara tu uipatapo barua hii. Tangu waondoke roho yangu iko juu juu na kazi haishikiki.

Kaka atakuwa amekueleza nusu. Wewe ni mke wake, unamjua: akieleza jambo huanza na historia yake, na kabla hajafika mwisho mnaitwa kula. Basi nisikilize mimi. Aama ana mawe kwenye nyongo. Ndiyo yale maumivu ya chini ya mbavu ambayo mwaka mzima ameyaita gesi huku akijimiminia samli kwenye wali. Inabidi apasuliwe yatolewe. Daktari yuko tayari na kitanda kipo. Lakini alipomwekea chombo chake kifuani alisikia kifua kinakoroma, akamuuliza, "Mama, unakula tumbaku? Kiko, sigara, chochote?" Aama akamtazama usoni akasema, "Sili." Hivi hivi, kama mtu anayekataa kuongezewa dengu.

Bhauju, mimi nimekulia mgongoni kwa mwanamke huyo. Harufu ya kiko ndiyo harufu ya shali yake. Nikamwambia daktari mbele yake kwamba si kweli, kwamba sikukuu ya Dashain iliyopita nilimwona kwa macho yangu ameketi kizingitini na kiko mkononi, moshi unamtoka puani. Aama alijivutia shali kichwani, akanitangulia njia nzima mpaka chumbani kwangu.

Daktari anasema dawa ya usingizi na kifua cha mvutaji havipatani. Aache kabisa kwa miezi miwili, kisha aletwe. Akipasuliwa huku anavuta, anaweza kulala pale mezani asiamke. Asipopasuliwa, siku jiwe likiziba njia ya nyongo, litammaliza hilo jiwe. Sasa unaelewa kwa nini sikai wala sisimami.

Unaijua kazi yangu. Tunawauliza watu wazima walivuta kiasi gani wakiwa vijana, walipooa, mwaka jana, wiki jana. Baadaye tunarudi na maswali yale yale kuona kama majibu yanafanana. Hayafanani. Mtu anakumbuka pembe za ng'ombe aliyemuuza zamani, lakini tumbaku yake mwenyewe anaipunguza kila akiulizwa, na akiulizwa na mwanawe anaipunguza zaidi. Kwa hiyo usimuulize Aama kitu. Mtazame tu, uniandikie. Wewe ndiye unayeshinda naye, na hujawahi kunificha jambo.

Simu ya sokoni usiipige. Ukiongea pale unasikilizwa na nusu ya wilaya.

Mwinamie Aama miguuni kwa niaba yangu, hata kama bado amenuna.

Wifi yako,
Pabitra


Ramechhap, 2 Mangsir

Wifi Pabitra,

Barua yako imefika imekunjamana na ina joto, nadhani dereva aliikalia njia nzima. Sisi wazima, isipokuwa huyo uliyemtaja.

Kabla ya yote niruhusu nicheke. Kaka yako amemaliza kuzungusha yale maswali ya ofisi yenu uliyomtafutia kibarua. Anatembea na mwavuli na mkoba, watu wanadhani anaandikisha mbolea ya serikali. Lakini wifi, nani aliandika swali lile? "Je, hujihusisha na dhumrapan?" Neno hilo huku linaonekana mahali pamoja tu, limeandikwa kwa rangi nyekundu ndani ya basi, juu ya kichwa cha dereva: dhumrapan marufuku. Watu wanajua ni kitu cha mabasi. Bibi wa nyumba ya juu, yule asiyetoa kiko mdomoni hata akikama nyati wake wa maziwa, aliposomewa swali alikitoa kwa heshima, akajibu, "Mwanangu, mimi basi sijapanda tangu nizaliwe." Kaka yako akaandika: hapana. Kiko kikarudi mdomoni.

Na wewe umezaliwa hapa. Umesahau kwamba sisi tumbaku tunaila, kama tunavyokula wali na kula kiapo? Huko Kathmandu wamekufundisha kunywa moshi, maana ndivyo neno lenyewe linavyosema, kunywa moshi. Mimi hata sikuulizwa. Alilijaza jina langu huku anakunywa chai, akaandika hapana, akageuza ukurasa. Mwalimu mzima wa shule.

Sasa la Aama. Sipendi kuwa mmbea katika nyumba ninayoishi, lakini umeniuliza. Harufu ipo. Juma lililopita kaka yako alikwenda kutafuta nyundo nyuma ya kinu cha kutwangia kwa mguu, akakuta kiko cha udongo, majivu yake bado ya moto. Akatoka nacho uani kakishika kwa vidole viwili kama amekamata panya.

"Hiki cha nani?"

Mimi nilikuwa napepeta mchele. Aama alikuwa ameketi juani.

"Changu," Aama akasema. "Kirudishe ulipokitoa."

Basi mwalimu akamhutubia kama darasa la sita. Daktari kasema nini, Pabitra kahangaika vipi, anataka tumpeleke mtoni kumchoma maiti kabla ya mwezi wa Magh? Aama aliendelea kuota jua. Alipoona hotuba haina mwisho akamwambia asogee kidogo, anamzibia.

Siku mbili baadaye maumivu yakamshika akiwa kwenye ngazi. Alikaa chini, jasho likamtoka kwenye baridi ile, akang'ata ncha ya shali mpaka yakapita. Hakutaka nimwite mtu. Nilimkanda mgongo.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Usimwambie kaka yako kwamba nimekuandikia, atataka kuisahihisha barua.

Tulasa


Kathmandu, 11 Mangsir

Bhauju,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na bado nimekasirika. Kwa daktari anasema sili. Kwa mwanawe anasema changu. Kinywa kimoja, majibu mawili, na la pili lina majivu ya moto. Ofisini tungejua la kuamini.

Nilirudi kwa daktari nikamwambia ukweli, kwamba bado anavuta. Akasema basi miezi miwili inaanza upya siku atakayoacha. Inaanza upya! Kitanda kile wamepewa watu wengine. Nilitoka pale nikapitiliza kituo changu, nikajikuta ng'ambo ya mto Bagmati sijui nimefuata nini.

Neno dhumrapan ni kosa langu, cheka utakavyo. Mkuu wangu alipoona majibu ya Ramechhap alidhani wanawake wa wilaya nzima wameacha tumbaku, alishaanza kufurahi. Sasa tumeandika "kula", na kaka itabidi azunguke tena na mwavuli wake.

Nina ombi jingine, na hili unifanyie vizuri. Nataka unieleze siku moja ya Aama, tangu anapoamka. Usinihesabie. Tukimuuliza mtu "ngapi" anatupa namba nzuri ya mviringo aliyoitunga pale pale. Lakini mwambie asimulie: kabla ya chai au baada? Ukiwa wapi? Ukitoka kufanya nini? Hapo anakumbuka, maana mtu hakumbuki idadi, anakumbuka chai. Nikijua ni ipi inayomshika zaidi, nitajua tumsaidie wapi kwanza.

Nakutegemea wewe peke yako. Kaka atamhutubia tu, na mimi nilishamwaibisha mbele ya daktari, sidhani atanisikiliza tena.

Anakula nini? Samli asiiguse.

Pabitra


Ramechhap, 24 Mangsir

Wifi,

Nimechelewa kwa sababu haradali imeanza kuchanua na kazi ni nyingi, tena kwa sababu sikujua nianzeje. Karatasi mbili nimezitia motoni.

Umetaka siku. Ya kwanza ni kabla ya chai, kuni hazijashika sawasawa na wengine bado wamelala. Hiyo ndiyo yenyewe. Miguu inapoa, kichwa kinakuwa chepesi, halafu dunia inatulia mahali pake na unaweza kwenda kumkama nyati bila kumtukana. Kama kuna siku hiyo ya kwanza imekosekana, kila mtu mle ndani atajua, ingawa hatajua kwa nini.

Nyingine ni baada ya wali wa asubuhi. Umempakulia huyu, umemwongezea yule, umeosha mikono ya mtoto wa jirani aliyekuja kula bila kualikwa, na zamu yako inapofika mwisho kabisa njaa imeshaondoka. Unameza vitonge viwili vitatu. Moshi ndio unaokuambia kwamba umeshiba.

Halafu ile ya njiani, kwenye jukwaa la mawe la kupumzikia wapita njia, ukirudi na majani ya nyati. Umeutua mzigo, ile kamba ya kubebea ya kwenye paji la uso imeacha mfereji kichwani. Unakaa. Pale hakuna anayekuomba maji, hakuna anayeuliza kitu fulani kiko wapi, hakuna anayekuita kwa jina la mumeo. Mlima wa upande wa pili uko pale pale. Kama ningeulizwa mimi, ningesema hiyo ndiyo ngumu kuacha kuliko zote.

Ya jioni haina ladha. Hiyo ni mazoea tu.

Ndivyo ninavyomwona Aama.

Anakula ugali wa dhindo na maji ya mboga kavu ya gundruk. Samli nimeificha, lakini anajua nilipoificha. Wifi, hebu mwulize daktari kama kweli hakuna njia nyingine. Kama hawawezi kumpasua tu hivyo alivyo. Kifua chake si kibaya kama mnavyodhani. Ule mkoromo ni moshi wa jiko, sisi sote hapa tunakoroma.

Tulasa


Ramechhap, 4 Poush

Mdogo wangu Pabitra,

Nakuandikia jambo lenye sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza: macho ya Aama yamekuwa ya manjano. Nilitaka kuandika na hizo nyingine, lakini naona hazina maana tena.

Tangu juzi hali kitu. Mkojo wake una rangi ya chai nyeusi, Tulasa ndiye aliyeniambia. Wa zahanati amesema apelekwe Kathmandu. Niambie kwanza kama daktari wako atampokea, maana nikimleta tukarudishwa, barabara ile hataistahimili mara mbili.

Jana nilimkemea tena kuhusu tumbaku, kwa sauti kubwa mpaka jirani akaingia. Nilimwambia anajiua kwa mkono wake mwenyewe. Akanijibu, "Sawa, mwanangu." Hilo tu. Tulasa akatoka nje, akaacha maziwa yakamwagika motoni.

Sijui nimekosea wapi. Jibu upesi.

Kaka yako,
Lokendra


Kathmandu, 8 Poush

Bhauju,

Barua hii inakuja na konda wa basi, nimempa mkononi. Kwenye bahasha hii kuna nyingine ya kaka: daktari amekubali, waondoke tarehe 13 bila kukosa. Hii ni yako, uisome peke yako.

Jana nilikwenda kwa daktari na barua ya kaka. Akasema manjano haingoji miezi miwili, mlete. Kisha akaweka kalamu chini. "Lakini nataka jibu moja," akasema. "Kama mama havuti, nampasua siku hiyo hiyo, jambo linakwisha. Kama anavuta kama ulivyoniambia, sitathubutu kumlaza. Nitamwekea mrija wa kutoa nyongo, tungoje, tuombe Mungu, na mwili wake umeshachoka. Yeye anasema havuti. Wewe unasema ulimwona. Hebu nieleze ulimwona vipi."

Nikaanza kumweleza. Dashain iliyopita. Aama kizingitini, amekunja goti moja, jua linampiga ubavuni, kiko mkononi, na shingoni ile pote yake, shanga nyekundu za mke mwenye mume...

Nikajishika shingo. Daktari akadhani naumwa.

Bhauju, Baba alikufa miaka mitatu iliyopita. Aama alivua shanga nyekundu siku tulipomchoma mtoni, nilikuwa nimesimama karibu yake, nilizisikia zikidondoka. Dashain iliyopita shingo yake ilikuwa tupu. Niliyemwona kizingitini ni Aama wa wakati Baba yu hai. Nimeichukua picha hiyo nikaivusha miaka yote hiyo, nikala kiapo nayo dhidi ya mama yangu mbele ya mtu mgeni. Mimi, ninayelipwa kujua jinsi watu wanavyokumbuka vibaya.

Nilirudi chumbani nikasoma barua yako ya haradali. Mara hii niliisoma kama ninavyosoma za watu nisiowajua. Aama hajakwenda kukata majani tangu magoti yamkatae, na ni wewe uliyeniandikia habari hiyo mwaka jana. Nani anautua mzigo kwenye jukwaa la mawe? Nani anakula wa mwisho katika nyumba ile? Na ile miguu inayopoa. Umtazame mtu namna gani, huwezi kuona miguu yake inapoa.

Ningependa kukuambia kwamba sikulaumu. Nakulaumu. Wiki zote hizi Aama amekaa na jiwe lile ndani kwa sababu ya macho yangu mimi na kalamu yako wewe, na sijui ni lipi baya zaidi. Lakini hilo tutaligombania siku nyingine, akiwa mzima, tukiwa tumekaa jikoni.

Sasa hivi nataka kitu kimoja. Nikimwambia daktari tu kwamba nilikosea, ataniuliza kiko kile ni cha nani, na nikisema sijui hataniamini, nimeshambadilishia maneno vya kutosha. Niambie. Jibu lije na Aama tarehe 13.

Pabitra


Ramechhap, 12 Poush

Wifi,

Ni changu.

Nimeliandika la kwanza ili hata barua ikilowa hilo lisomeke.

Majira yangu ya kwanza ya baridi katika nyumba hii nilikuwa sisemi na mtu. Kaka yako alikuwa chuoni, Baba alikuwa mkali, wewe ulikuwa na vitabu vyako. Asubuhi moja Aama alikuwa anapaka sakafu samadi, akaniita, "Buhari, mkwe wangu, mikono yangu hii, niwashie." Kiko hakiwashwi bila kuvutwa, unajua. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Akacheka, na mimi nikacheka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilicheka hapa. Tangu siku hiyo ikawa kazi yangu. Kila asubuhi, niwashie. Nikiwasha navuta mara moja, baadaye mara mbili, baadaye tunapokezana. Kama kaka yako angeniuliza wakati huo kama nakula tumbaku, ningemwambia hapana na ningeweza kula kiapo. Nilikuwa namwashia tu.

Baba alipofariki Aama aliacha. Hakumtangazia mtu. Nilimpelekea kimeshawaka akasema, "Leo sitaki." Na kesho yake vile vile. Nikabaki nimesimama na kiko kinachowaka mkononi, na sikuwa na mtu wa kumpa.

Siku kaka yako alipotoka nacho uani, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Aama akaniwahi. Nikajiambia jioni nitasema. Jioni alikuwa ameshakemewa, na nikisema inaonekana nimemwacha akemewe bure. Kesho yake ikawa kemeo la pili. Ulipoandika kwamba siku za daktari zimeanza upya niliona giza, na bado sikusema. Mume wangu anafundisha watoto madhara ya tumbaku kwa picha ya mapafu aliyoichora mwenyewe. Niliogopa uso wake. Huo ndio ukweli wote, na ni mdogo hivyo. Niliogopa uso wa mtu, nikaweka roho ya mwingine rehani.

Na ile siku niliyokuandikia, Mungu anisamehe, niliiandika kwa raha. Sikuwahi kumsimulia mtu.

Mwambie daktari. Mwambie Aama hajagusa tumbaku tangu mumewe afe, na shahidi ni mwizi mwenyewe. Jina langu katika makaratasi yenu lifuteni, muandike ndiyo.

Barua hii nimempa Aama aibebe. Hajui kusoma na hakuuliza ina nini. Aliitia kwenye mshipi wa kiunoni, akanishika kidevu.

Tulasa

Nimeichukua tena kwa Aama hapa barabarani, tukingoja basi, kuongeza hili. Nimemwambia kaka yako wakati anafunga mkoba, nikijua hana muda wa hotuba. Alimbeba Aama mgongoni hadi barabarani bila kugeuka. Mwavuli wake ameusahau nyumbani.


Kathmandu, 9 Magh

Tulasa,

Maneno yanayofuata ni ya Aama. Mimi naandika tu, na amenikataza kuyapanga. Langu ni moja: jina lako siwezi kulifuta. Jibu la kwanza linabaki kama lilivyo, na mtu anaulizwa upya. Nimeomba aje kukuuliza mtu mwingine, asiwe kaka.

Pabitra

Buhari,

Niko hai. Wamenipasua siku ile ile niliyofika, na mawe wamenionyesha kwenye chupa, madogo ya kijinga, nilitarajia makubwa zaidi. Chakula cha hapa hakina chumvi. Lokendra analala sakafuni chini ya kitanda changu. Jana ameniuliza kama unapenda shali za kijani. Nimemwambia akuulize mwenyewe, asikujazie.

Pabitra amenisomea barua yako. Nilijua ina nini tangu ulipoiweka mkononi mwangu, mtu hakunji barua ya habari njema mara nyingi vile. Umeandika kiko ni chako. Si kweli.

Mimi nililetwa nyumba ile sijavunja ungo. Mama mkwe wangu alikuwa na samadi mikononi, akaniambia niwashie. Sikuulizwa kama nataka. Wewe nilipokuita asubuhi ile, mikono yangu haikuwa na samadi ya kunizuia kitu. Ningeweza kuinawa. Nilikuwa nimechoka kuvuta peke yangu na wewe ulikuwa umekaa pale na uso wa mtu aliyefiwa. Nilitaka mwenzangu. Nilipoacha niliacha mwenyewe, sikukushika mkono nikakutoa na wewe. Nilikusikia kila asubuhi nyuma ya kinu, nikajifanya nimelala.

Kwa hiyo mwanangu aliposema cha nani, nilisema changu, na sikudanganya. Daktari aliposema unakula, nilisema sili, na hapo pia sikudanganya. Waliniuliza maswali mawili wakadhani ni moja. Pabitra anasema hilo ataliandika ofisini kwao. Analia hapa na kuchafua karatasi, nimemwambia nalo aliandike.

Ulipaswa kusema, lakini. Hilo silifuniki. Maumivu yale ya kwenye ngazi nisingemtakia hata nyati.

Kiko usikivunje. Watu wanaokivunja kwa hasira hununua kingine sokoni. Kiache pale pale nyuma ya kinu. Nikirudi, asubuhi kabla ya chai, nitakuja kukaa na wewe jikoni, mikono mitupu, mimi na wewe. Nitakuuliza kama jana ulikula. Utanijibu kama ilivyokuwa, iwe umekula au hukula, nami sitakuuliza mara ya pili.

Alama ya kidole cha Aama